Nani Aliiba Maji ya Mto Kalowe?

Kisanduku kiliibwa asubuhi ya Ijumaa, na ndani yake hamkuwa na kitu ila maji.

Ripoti ilipofika kituoni, kicheko kilisikika hadi barabarani. Éphraïm Banza, polisi mnene mwenye sauti nzito, aliisoma kwanza kimyakimya, kisha kwa sauti, kisha akapanda juu ya kiti ili wenzake wa chumba cha pili nao wasikie.

"Shefu, sikia hii! Muntu amekwiba mayi. Mayi ya mto! Si angeenda kuchota tu?"

Inspekta Philomène Kabedi alikuwa dirishani akijipepea kwa jalada tupu. Nje, jakaranda zilikuwa zimemwaga maua ya zambarau barabara nzima, na joto la kabla ya mvua lilikuwa limeufunika mji wa Likasi kama kifuniko cha sufuria. Hakucheka.

"Mayi ya mto gani?"

"Kalowe. Kule Mawe Meupe."

"Basi shuka kwenye kiti, chukua kofia yako. Tunaenda."

Hakuna mtu wa mtaa wa Kikula asiyejua Mawe Meupe. Ni pale ambapo mto Kalowe unapunguza mwendo na kupanuka, na maji yanakuwa maangavu hata ukisimama hadi kifuani unaona vidole vya miguu yako. Kabedi mwenyewe alijifunza kupiga mbizi pale, enzi ambazo hakuwa na meno ya mbele. Baadaye nyumba zikaongezeka. Vyoo vikachimbwa ukingoni, mabanda ya nguruwe yakajengwa juu ya maji, taka zikatupwa humo. Watoto wakaanza kuharisha. Labo, yaani maabara ya maji, ikapima, ikakuta bakteria wa kinyesi wamejaa tele, ikasimika bendera nyekundu ya kukataza watu kuingia majini.

Watu wa Kikula hawakukubali kuupoteza mto wao. Walihamisha nguruwe, wakafukia vyoo vya ukingoni na kuchimba vingine mbali, wakazoa taka kwa mikokoteni. Kazi hiyo ilikula miaka miwili ya Jumamosi zao. Sasa Jumapili hii ilikuwa imepangwa kuwa siku ya kuufungua mto: ubatizo asubuhi, mashindano ya vijana ya kuogelea mchana, na muziki hadi jua lizame. Kilichobaki ni labo kutamka kwamba maji ni safi. Na labo ilikuwa imekataa mara mbili. Kipimo cha tatu, cha mwisho kabla ya sherehe, ndicho kilichokuwa ndani ya kisanduku kilichoibwa.

Walipofika ukingoni, Laure, mtaalamu wa labo, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mpira, alikuwa akiizunguka meza tupu kana kwamba kisanduku kingeona aibu na kurudi.

"Kilikuwa hapa, Inspekta. Hapa hapa, kwenye kivuli cha kibanda cha Mama Carmel."

"Eleza toka mwanzo."

"Nilichota maji hapa Mawe Meupe, nikajaza chupa, nikazipanga ndani ya kisanduku chenye barafu. Maji ya kupima bakteria lazima yakae baridi na yafike labo mapema, la sivyo majibu yanadanganya. Nikakiacha hapa mezani, nikatembea hadi darajani kuchota maji mengine. Niliporudi, hakipo."

"Siku zote unafanya hivyo?"

"Siku zote."

"Na maji ya darajani?"

"Hayo nabeba begani mwenyewe."

"Vipimo viwili vilivyopita vilisemaje juu ya maji ya darajani?"

Laure alikunja uso. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Darajani ni safi. Kule juu, kabla ya kufika hapa, ni safi vilevile. Hapa katikati tu ndipo pachafu. Tumetafuta choo kinachovuja, tumetafuta mzoga. Hatukuona kitu."

"Mto huu uko na miujiza," alisema Éphraïm.

"Au uko na adui," alijibu Kabedi. "Laure, leo umefanya jambo lolote tofauti na siku nyingine?"

"Utaratibu mpya tu. Nimezifunga chupa kwa utepe wa labo na kutia sahihi juu yake. Ukifungua chupa, utepe unachanika."

"Nani alikuona ukizifunga?"

"Wote waliokuwa hapa. Watatu."

Kabedi alitabasamu. "Basi mwizi hakuwa na haja ya maji. Mara mbili alifungua chupa akayachafua. Leo ameshindwa kuzifungua bila kujulikana. Ndiyo maana amebeba kisanduku kizima."

Laure aliugeukia mto. "Yaani... mto wetu ni safi?"

"Hilo utaniambia wewe. Tunachota upya, leo leo. Lakini kwanza nataka kuzungumza na hao watatu."

Wa kwanza alikuwa Carmel, muuza vitumbua. Alikuwa na mikono yenye unga hadi viwikoni, na alijibu huku akigeuza vitumbua katika mafuta.

"Kisanduku kilipopotea ulikuwa wapi, Mama Carmel?"

"Paka hapa, hapa tu. Moto haiachwe yenyewe."

"Hukuona mtu akikigusa?"

"Minye nilikuwa natazama mafuta, Mama Inspekta. Ukitazama bantu, bitumbula inaungua."

"Ukiona bendera nyekundu, unajisikiaje?"

Carmel aliweka mwiko chini. "Najisikia njaa. Banakuya nani hapa kama mto unafungwa? Binti yangu Jaël anauliza kila siku: mama, tutaogelea lini? Mutoto wa kwenda mbio kama ule, kumukataza mayi ni kama kumukataza kupumua."

Wa pili alikuwa Arsène, dereva wa pikipiki, kijana mwenye miwani ya jua ambaye labo ilimkodi kubeba kisanduku hadi mjini. Huyu alijikuna shingo kabla ya kila jibu.

"Kazi yako ni kukilinda kisanduku. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula, shefu."

"Na baadaye?"

"Nilienda kunawa mikono. Kurudi, haiko."

"Tangu mto ufungwe, vijana wanaogelea wapi?"

Alijikuna kwa muda mrefu. "Sijue."

"Arsène."

"Bon... kuko shimo moja huko Kamatanda. Shimo ya zamani ya machimbo, imejaa mayi."

"Na wanafikaje huko?"

Éphraïm alimkaribia, akamtazama kwa juu. Arsène akavua miwani. "Ni minye nawapeleka. Na pikipiki. Lakini sikukwiba kitu, naapa!"

"Yaani mto ukifungwa, wewe unapata abiria," alisema Kabedi. "Saa kumi uwe kituoni. Usichelewe."

Wa tatu alikuwa Papa Constantin, mwenyekiti wa kamati ya mto, fundi mstaafu wa reli, mtu wa kofia safi na viatu vilivyong'aa. Kikula nzima ilimpenda. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza watu wahamishe vyoo. Na yeye ndiye angefungua mto siku ya Jumapili, kwa kuuvuka wa kwanza mbele ya umati, kwa maana kila mtu alijua kwamba ujanani aliwahi kuogelea ziwa la Tshangalele kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Juu ya kibanda cha Carmel kilining'inia kitambaa kikubwa chenye mchoro wake: Constantin mwenye misuli ya bondia akipasua mawimbi.

"Papa, nani angependa mto ubaki umefungwa?"

"Ata muntu mumoja, binti yangu. Ata mumoja. Roho inaniuma vraiment, kweli kabisa."

"Wakati kisanduku kinapotea ulikuwa wapi?"

"Nilikunywa chai yangu, nikapanda kinga yangu, nikaenda nyumbani, sasa nimerudi. Niko na mambo mingi ya sherehe."

Baiskeli yake, ambayo huko wanaiita kinga, ilikuwa imeegemea ukuta wa kibanda, na kapu kubwa limefungwa nyuma.

Laure alikuwa tayari ameandaa chupa mpya. Alitaka kuchota katikati, penye maji mengi, kwa hiyo ilihitajika kamba ya kumshikia. Kabedi aliwaomba wote wasaidie. Carmel alifunga kitenge chake juu ya magoti, akaingia majini akicheka kwa ubaridi. Arsène alikunja suruali, akaingia. Kabedi mwenyewe alivua viatu. Papa Constantin alishika mwisho kabisa wa kamba, mbali kwenye nyasi kavu.

"Karibu, Papa! Wewe si samaki wetu?" alimwita Éphraïm.

"Goti, mutoto wangu. Goti linaniuma leo."

Kabedi alimwona akirudi nyuma hatua moja wimbi dogo lilipogusa jiwe mbele yake.

Chupa zilifungwa kwa utepe, na Éphraïm akazipeleka labo akiwa amezikumbatia ndani ya gari kama mtoto mchanga. Kila gari liliporuka shimo, alizitazama usoni, kisha akamtazama dereva vibaya.

"Majibu kesho mchana," alisema Laure walipofika labo. "Bakteria wanahitaji muda wa kuota kwenye joto. Hatuwezi kuwaharakisha."

"Nayo maji ya kipimo cha pili? Yale machafu?"

"Chupa moja ninayo bado kwenye friji."

"Iweke chini ya hadubini. Nataka kujua ni uchafu wa aina gani."

Laure alidondosha tone juu ya kioo, akainama, akazungusha kidude cha pembeni. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akamwachia Kabedi kiti.

"Hebu tazama. Vile vipande vyekundu ni maganda ya nafaka. Mtama mwekundu, nadhani. Na kile kinachofanana na kitana ni unyoya, au kipande chake."

"Ndege anayekula mtama."

"Kinyesi cha ndege anayekula mtama," alisahihisha Laure. "Sikuwahi kutazama hivi. Sisi tunahesabu bakteria, hatuulizi wametoka tumbo la nani."

Saa kumi ilipita na Arsène hakutokea. Éphraïm alikuwa ameshachukua pingu aliposikia pikipiki ikiingia uani. Arsène aliingia ofisini akiwa amelowa kuanzia kichwani hadi miguuni, bila miwani, bila kiatu kimoja. Alikaa kwenye sakafu.

"Nimechelewa, shefu. Unifunge tu."

"Umetoka wapi?"

"Kamatanda. Kwa lile shimo." Meno yake yaligongana ingawa joto lilikuwa palepale. "Leo sikupeleka muntu. Baada ya yale maneno yako, nilikataa bote. Lakini batoto walienda na miguu. Jaël naye, binti ya Mama Carmel. Nikasema, ngoja nibafuate nibarudishe. Nafika, nasikia makelele. Lile shimo haina ukingo, shefu. Unaweka muguu, hakuna kitu chini. Jaël aliruka, akashuka kama jiwe."

Kabedi alisimama. "Yuko wapi?"

"Nyumbani kwake. Nilimutoa. Alitapika mayi, akalia, kisha akaomba bitumbula." Arsène alicheka na kulia pamoja. "Ile mutoto, vraiment! Bitumbula!"

Éphraïm aliziweka pingu mezani, akavua koti lake la polisi, akamfunika nalo. Kabedi alimimina chai, akatia sukari nyingi.

"Kunywa. Una kuku nyumbani, Arsène? Bata? Ndege wowote?"

"Minye? Ninapanga chumba kimoja. Ningebaweka wapi?"

Jioni hiyo Kabedi alikwenda kwa Carmel. Jaël alikuwa amekaa mlangoni amefungwa kitenge, anatafuna, macho mekundu na mdomo hautulii: alikuwa akiwasimulia watoto wa jirani jinsi shimo lilivyomvuta miguu. Carmel alimshika mkono inspekta asiuachie.

"Mama Inspekta, kama mto ungekuwa wazi, hangeenda kule."

"Najua, dada yangu. Nambie, bata wako hawa wa uani wanakula nini?"

Carmel alidhani amesikia vibaya. "Bata? Makombo ya unga. Mahindi. Kwa nini?"

"Mtama hawapewi?"

"Mtama? Mtama ni wa njiwa. Hapa Kikula njiwa iko paka kwa Papa Constantin tu."

Kabedi alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, bila furaha ya mtu aliyepata jibu. Alijua nani. Hakujua kwa nini. Kwa nini mtu auoshe mto miaka miwili, halafu auchafue ndani ya chupa?

Jumamosi asubuhi waliikuta nyumba ya Constantin ikiwa imepakwa chokaa mpya kwa ajili ya wageni wa sherehe. Mke wake, Mama Elikia, alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mzee alikuwa peke yake uani, chini ya banda la njiwa, akitupa punje nyekundu. Njiwa walikuwa wakitembea juu ya mabega yake.

"Karibuni, karibuni! Mumepata mwizi?"

"Tunakaribia," alisema Kabedi. "Njiwa wazuri. Wanakula nini?"

"Mtama. Mwekundu. Mweupe hawautaki."

"Éphraïm, tazama juu."

Éphraïm alipanda ngazi. Ilimlalamikia kwa kila hatua. Kilisikika kishindo cha mabawa, kikohozi, kisha sauti yake ikiwa imejaa manyoya:

"Shefu! Kisanduku kiko hapa! Kuko njiwa amekaa juu yake, anataka kuniuma!"

Constantin hakugeuka. Punje zilikuwa zikimponyoka mkononi moja moja.

"Kisanduku gani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Chenye chupa za labo. Ndani ya kipimo cha pili tumekuta maganda ya mtama na unyoya. Jana ulikitia kwenye kapu la kinga yako Carmel akitazama mafuta na Arsène akinawa mikono. Si kweli?"

"Batoto ya mtaa wanaweza kuwa walikiweka hapo..."

"Papa."

"Minye ni mwenyekiti wa kamati! Minye njo nilianza hii kazi, minye mwenyewe!"

"Najua. Ndiyo maana sijakufunga pingu." Kabedi alivuta kigoda, akakaa karibu naye. "Jana Jaël wa Carmel nusura afe maji."

Mzee aligeuka sasa. Njiwa waliruka wote kutoka mabegani mwake.

"Ile mutoto mudogo? Wapi? Kwa mto?"

"Kwenye shimo la Kamatanda. Watoto wanakwenda huko kwa sababu hapa kuna bendera nyekundu. Arsène alimtoa. Yu mzima. Lakini alishuka chini kabisa, Papa."

Constantin alivua kofia. Akaitazama ndani, kama mtu anayetafuta humo maneno, kisha akaiweka chini mavumbini, yeye aliyekuwa haruhusu hata tone la matope kwenye viatu vyake.

"Ni minye," alisema. "Nilikoroga kinyesi ya njiwa na mayi, nikaweka kwa kachupa kadogo ndani ya mufuko ya koti. Mara ya kwanza, mara ya pili. Jana niliona utepe, nikaogopa, nikabeba yote. Andika. Ni minye."

"Nitaandika. Lakini kwa nini?"

Constantin aliinama, akaanza kuokota punje zilizomwagika.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Unamchukia mtu wa kamati?"

"Minye? Ninabapenda bote."

"Basi kwa nini, Papa?"

Alisema kwa haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba: "Minye sijue kuogelea."

Juu ya ngazi, Éphraïm alitoa sauti ya ajabu, akajifanya anakohoa manyoya.

"Hujui kabisa?" aliuliza Kabedi.

"Ata kidogo. Mayi ikinifika kwa goti, kichwa inazunguka. Nilipokuwa kijana kule reli, wenzangu kila mumoja alikuwa na hadithi yake ya nguvu. Minye sikuwa na yoyote. Nikasimulia ile ya kuvuka ziwa. Ikawafurahisha. Nikaisimulia tena. Hadithi ikakua, nikazeeka nayo. Kisha siku moja kamati inasema: Papa Constantin njo atavuka wa kwanza! Bakapiga makofi, bakachora kile kitambaa. Minye ningesema nini?"

"Ungesema ukweli."

"Mbele ya bantu bote? Na misuli yote ile kwa kitambaa?"

Kabedi aliuma mdomo wake wa chini. Alikuwa amewahi kusikia watu wakikiri kwa ajili ya mashamba, wivu, urithi. Hakuwahi kusikia mtu aliyeziba mto mzima kwa sababu ya aibu ya magoti.

"Nilifikiri ni wiki chache tu," aliendelea mzee, na sasa machozi yalikuwa yakishuka waziwazi. "Nilifikiri sherehe itasogezwa, bantu watasahau kunitaja. Sikufikiri batoto wataenda kwa shimo. Kama Jaël angekufa, minye ningekufa na yeye."

"Na ile hadithi ya ziwa, uliitoa wapi?"

Constantin alijipangusa kwa mkono wa shati. "Hiyo nitasema kesho, mbele ya bote. Kuko muntu mumoja anapaswa kuisikia."

Mchana Laure alipiga simu. Alikuwa akipiga kelele hivi kwamba Kabedi aliisogeza simu mbali na sikio. Maji ya Mawe Meupe yalikuwa safi, chini kabisa ya kiwango cha hatari. Kisha Kabedi alimweleza yaliyotokea, na kelele zikakoma.

"Labo ndiyo iliyokosewa," alisema Kabedi. "Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka Jumatatu. Mkisamehe, huenda akampa onyo tu. Msiposamehe, sheria itafuata njia yake."

Laure alifikiri. "Wakati tunatafuta ule mzoga, nilitembea ndani ya matope mwezi mzima, Inspekta. Mwezi mzima! Mkuu wangu nitazungumza naye mimi. Lakini nataka mambo mawili. Aseme mwenyewe, kwa mdomo wake. Na kila wiki nikichota maji, ataniandalia barafu na kunibebea kisanduku hadi labo, huku watu wakimwona."

"Kwenye kinga yake?"

"Kwenye kinga yake. Bila njiwa."

Jumapili Kikula nzima ilishuka mtoni. Laure alishusha bendera nyekundu, akapandisha ya kijani, na vigelegele vikapanda kiasi kwamba ndege waliruka kutoka miti ya ng'ambo. Wabatizwa waliingia wakiwa wamevaa nguo nyeupe, wakatoka wakiimba. Jaël alikuwa mstari wa mbele, ameshikwa mkono na mama yake upande mmoja na Arsène upande wa pili, ili asitangulie kila mtu. Kipaza sauti kikaita jina la Papa Constantin, na umati ukaanza kupiga makofi kwa pamoja.

Mzee alipanda juu ya jiwe jeupe, koti limefungwa vifungo vyote. Akasema. Alianza na chupa, akaenda kwenye njiwa, akafika kwenye shimo la Kamatanda, na hapo akamgeukia Carmel na kumwomba msamaha akiwa amepiga magoti. Makofi yalikuwa yamekufa zamani. Carmel alimtazama, uso mgumu. Jaël akamnong'oneza jambo. Carmel akapumua.

"Simama, Papa. Mutoto yu mzima. Lakini bitumbula ya leo, weye hautapata."

Kicheko cha kwanza kikatoka mahali fulani nyuma.

"Na hadithi ya ziwa haiko yangu," alisema Constantin, akiwa amesimama. "Ni ya muke wangu. Mama Elikia alizaliwa kule Tshangalele kwa bavuvi. Tulipokuwa wachumba aliniambia alivuka lile ziwa akiwa na miaka kumi na sita, kwa sababu kaka zake walimucheka. Nilimwibia. Miaka hii yote nilimwibia, na yeye alikuwa amekaa kando, ananiacha."

Vichwa vyote vikageuka. Mama Elikia alikuwa miongoni mwa wanakwaya, mwanamke mfupi mnene mwenye kilemba cha njano.

"Mama, ni kweli?" aliuliza Kabedi.

"Ni kweli."

"Na hukumkatiza hata siku moja?"

"Aliisimulia muzuri kunishinda," alijibu Mama Elikia. "Minye, ningesema: niliingia huku, nikatokea kule. Imekwisha." Alimtazama mumewe. "Lakini Baba Elikia, ungeniuliza tu! Ungeniambia unaogopa, ningekuja."

Akafungua kilemba, akampa jirani yake. Akaufunga upya mkanda wa kitenge, akalipita jiwe la mumewe, akaingia majini bila kusita. Maji yalipomfika kiunoni alijitupa mbele.

Maji yalimfunika. Kisha mikono yake ikatokea, mmoja, mwingine, mirefu, mitulivu, isiyo na haraka, kama ya mtu anayekunja mashuka yake mwenyewe. Mto ulimpisha. Alifika katikati, akageuka chali, akapunga mkono, akaendelea. Alipokanyaga ng'ambo, Kikula ililipuka. Wanakwaya waliingia majini na nguo zao zote. Arsène alimwachia Jaël, Jaël akaruka, na nyuma yake wakaruka watoto wote waliokuwa wamengoja tangu walipojua neno kuogelea. Éphraïm alitumbukia kama gunia, na maji yakaruka hadi kwenye mafuta ya Carmel, akafukuzwa kwa mwiko.

"Baba Elikia!" iliita sauti kutoka ng'ambo. "Mayi iko muzuri! Kuja ata mpaka kwa vifundo!"

Constantin alikaa juu ya jiwe, akavua viatu vyake vinavyong'aa, akavua soksi, akaviweka pembeni kwa uangalifu. Laure akamshika mkono mmoja, Kabedi mwingine. Aliingia hadi vifundoni, akafumba macho, akayafumbua. Akaongeza hatua moja. Watoto walikuwa wameshamzunguka, wakitaka kujua: ilikuwaje kule ziwani? Mama Elikia alivukaje?

Mzee akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza kuwasimulia. Kabedi alimsikia akitia katika hadithi ya mke wake mamba wawili ambao hawakuwamo, akaamua kwamba hilo halihitaji jalada.